NANI ANASOMA HESABU YA SHABA YETU?



Leo gazeti lenu linasema juu ya jambo ambalo wengi wanafikiri haliwahusu. Linasema juu ya masomo ya chuo kikuu. Si masomo ya dawa, wala ya sheria, wala ya mashine. Ni masomo ya uchumi wa mataifa, maana yake masomo yanayoonyesha jinsi bei ya shaba inavyowekwa, jinsi inchi inavyokopa na kulipa deni, jinsi franka inavyoanguka, jinsi mkataba kati ya serikali na sosiete unavyoandikwa, na nani anabaki na faida.

Tunajua mtasema nini. Mtasema: hayo ni maneno ya watu wa tai, sisi tunataka mshahara, unga, na maji katika nyumba. Tunajibu hivi: mshahara wenu, unga wenu na maji yenu vinatoka katika hesabu ile ile. Mtu asiyejua kusoma mizani atauziwa kilo pungufu kila siku, na kila siku atasema asante. Inchi nayo ni hivyo hivyo.

MEZA MBILI ZA BRUXELLES

Turudi kwanza katika mwaka 1960, kwa sababu ndipo tulipofundishwa jambo hili kwa ukali.

Watu wote wanakumbuka Table Ronde ya siasa, iliyokaa Bruxelles tangu 20 Januari mpaka 20 Februari 1960. Viongozi wetu wakubwa walikwenda. Huko siku ya uhuru iliwekwa, 30 Juni. Inchi nzima iliimba. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba kulikuwa na meza ya pili, Table Ronde ya uchumi, iliyoanza 26 Aprili na kumalizika 16 Mei 1960, Bruxelles vilevile.

Meza ya kwanza ilisema juu ya viti. Meza ya pili ilisema juu ya mali: madeni ya koloni nani atayalipa, hisa za serikali ndani ya sosiete nani atazishika, franka nani atailinda, benki itakuwa ya nani. Tazameni basi jambo la ajabu. Kwa meza ya viti tulituma wazee. Kwa meza ya mali tulituma vijana. Viongozi wengi walikuwa Kongo wanatafuta kura, kwa maana uchaguzi ulikuwa mwezi wa Mei. Mahali pao walikaa wajumbe wadogo, pamoja na wanafunzi waliokuwa wanasoma Ubelgiji. Kwa upande wa MNC ya Lumumba alikaa pale kijana Joseph Mobutu, aliyekuwa kwanza askari, halafu mwandishi wa gazeti. Kwa upande wa Wabelgiji waliingia watu waliokuwa wameshika vitabu vya hesabu za Kongo kwa miaka mingi, wataalamu wa serikali na wa benki.

Hatuwacheki vijana wale. Walifanya walichoweza. Lakini mtoto hawezi kubishana bei na mfanyabiashara mzee, ikiwa mfanyabiashara peke yake ndiye mwenye kitabu cha hesabu.

Na kwa nini hatukuwa na watu wengine wa kutuma? Ubelgiji ilitawala Kongo tangu 1908 mpaka 1960, miaka 52. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Cha pili, kile cha Elisabethville, kilifunguliwa 1956. Mwaka huo huo Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, na watu wakastaajabu kuona Mkongo asiye padri mwenye diploma ya chuo kikuu. Siku ya uhuru mapadri weusi walikuwa mamia. Wenye diploma ya chuo kikuu walihesabiwa kwa makumi machache tu, na wenye kujua mambo ya feza ya mataifa walikuwa wachache kuliko hao. Si kwamba akili ilikosekana. Mlango ulifunguliwa jioni, wakati jua lilikuwa linazama.

WALITUPIMA SISI

Wabelgiji hawakufika mezani mikono mitupu. Tangu mwaka 1920 walikuwa na shule yao kubwa kule Antwerpen, iliyokuwa chuo kikuu cha ukoloni, kwa kufundisha vijana wao kazi ya kutawala Kongo. Hapa kwetu Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, kulianzishwa mwaka 1946 kituo cha utafiti kilichoitwa CEPSI, kwa kuchunguza maisha ya wenyeji. Walichunguza familia zetu, kazi yetu, mitaa yetu. Katika utafiti mwingi wa siku zile, mtu mweusi ndiye aliyewekwa juu ya mizani. Hakuna mtu mweusi aliyeitwa kuja kupima sosiete.

Msidharau nguvu ya makaratasi ya maprofesa. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Antwerpen, Van Bilsen, alitoa mpango wake wa kuifanya Kongo kuwa huru baada ya miaka 30. Hakuwa na jeshi wala cheo cha serikali. Lakini Ubelgiji ilikasirika, na mwaka 1956 Wakongo wa Léopoldville waliandika Manifeste ya Conscience Africaine, halafu ABAKO ikajibu kwamba haitaki kungoja miaka 30. Makaratasi ya mwalimu mmoja yalisukuma jiwe kubwa. Basi inchi isiyo na walimu wake wa kuandika makaratasi ya namna hiyo itasukumwa na makaratasi ya wengine.

BAADA YA MEZA

Tazameni yaliyofuata. Tarehe 17 Juni 1960, siku 13 kabla ya uhuru, sheria ya Ubelgiji iliruhusu sosiete za Kongo kuhama na kuwa sosiete za Ubelgiji. Kazi yao ilibaki Kongo, mashimo yalibaki Kongo, lakini kichwa chao kilihamia Bruxelles.

Tarehe 27 Juni, siku 3 kabla ya uhuru, Comité Spécial du Katanga ilivunjwa. Wengi hawajui maana yake, na hapa tunawaomba msome polepole. Comité hiyo iliundwa mwaka 1900. Katika mkutano mkuu wa Union Minière ndiyo iliyokuwa na kura nyingi kuliko wengine. Na ndani ya Comité yenyewe, sehemu 2 kwa 3 zilikuwa za serikali ya koloni. Kwa hiyo serikali mpya ya Kongo ingerithi Comité, na kwa mlango wa Comité ingesema kwa sauti kubwa ndani ya Union Minière. Ilipovunjwa, hisa zake ziligawanywa: sehemu 2 zikaenda kwa Kongo, sehemu 1 ikaenda kwa Compagnie du Katanga. Ukitazama haraka utasema, hakuna aliyeibiwa, kila mtu amepata haki yake. Lakini zile kura zilizokuwa pamoja sasa zilitawanyika. Kongo ilibaki na karatasi za hisa, ikapoteza nguvu ya kuamuru.

Hakukupigwa risasi siku ile. Ilitosha kalamu. Na kalamu ya namna hiyo inashindwa na mtu mmoja tu, yaani mtu aliyefundishwa kusoma sheria ya sosiete na hesabu ya kura, anayeweza kusimama na kusema: ngoja kwanza, tuonyeshe matokeo ya jambo hili. Shauri la hisa na madeni lilivutwa miaka mingi, mpaka Februari 1965, wakati Moïse Tshombe na Paul-Henri Spaak walipopatana.

MGODI WETU, SOKO LAO

Wengine watasema: baadaye tulichukua mgodi wote, shauri likaisha. Ni kweli kwamba tangu 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ndani ya Kongo ilipita katika sosiete ya serikali, iliyoitwa Gécomin, na baadaye Gécamines. Watu walifurahi, na ilikuwa haki kufurahi.

Lakini mwezi wa Februari mwaka ule ule serikali ilitia sahihi mkataba na Société Générale des Minerais, sosiete ya kundi lile lile la Bruxelles, kusudi iangalie kazi ya ufundi na iuzishe madini yetu, na ilipwe sehemu ya thamani yake. Kwa nini? Kwa sababu kuchimba shaba tulijua. Baba zetu waliifua tangu zamani, kabla ya mzungu kufika. Lakini nani mnunuzi, bei ya London inasomwa namna gani, meli inakodiwa wapi, bima inalipwa na nani, hayo hatukuwa na watu wa kutosha kuyashika. Sosiete ya serikali ya kuuza madini, SOZACOM, ilianzishwa mwaka 1974 tu. Mwenye shamba asiyejua njia ya soko ni mtumishi wa mwenye gari.

Mwaka 1967 vilevile, Kongo, Zambia, Chile na Peru walikutana Lusaka na kuunda umoja wa inchi zinazouza shaba, CIPEC. Lilikuwa wazo jema, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka mpaka chini ya nusu kabla ya mwaka kuisha. CIPEC ikaamua kupunguza mauzo, kwanza kwa 10 kwa 100, halafu kwa 15 kwa 100. Bei haikupona. Inchi nne hazikuwa na shaba yote ya dunia. Wengine waliendelea kuuza, na shaba nzee iliyeyushwa tena viwandani. Tena kila mmoja wa wale wanne alikuwa na njaa ya feza. Kupunguza mauzo ni dawa yenye nguvu, lakini sharti kwanza ujue una sehemu gani ya soko, mnunuzi ana akiba kiasi gani, na wewe mwenyewe unaweza kungoja miezi mingapi. Hiyo ni kazi ya watafiti. Haifanywi kwa hotuba.

Deni nalo lilikua. Serikali ilikopa wakati shaba ilikuwa juu, ikadaiwa wakati shaba ilikuwa chini. Mwaka 1978 Fonds ya feza ya mataifa, FMI, ilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal akae ndani ya benki kuu Kinshasa. Aliondoka 1979, na mwaka 1982 aliandika ripoti akionya kwamba wakopeshaji wasitumaini kurudishiwa feza yao, kwa sababu ya ulaji wa wakubwa. Wakopeshaji waliendelea kukopesha. Raia aliyeibiwa hakuwa katika orodha ya waliopelekewa ripoti. Lakini Septemba 1983, zaïre iliposhushwa thamani kwa zaidi ya 75 kwa 100, mfanyakazi alilipa bila kuulizwa. Aliona jibu la hesabu sokoni, hakuonyeshwa hesabu yenyewe.

CHUO KILIPOZIBWA MDOMO

Na vyuo vyetu vilikuwa wapi? Tuseme haki. Kulikuwa na kazi nzuri. Pale Lovanium kulikuwa na kituo kiitwacho IRES, cha utafiti wa uchumi na maisha ya watu. Mwaka 1968 kilitoa kitabu kikubwa juu ya uchumi wa Kongo tangu 1960 mpaka 1965, jinsi bei zilivyopanda na nani aliyepata faida na nani aliyepata hasara. Kazi kama hiyo ni mali ya inchi kama mgodi ulivyo mali.

Lakini utawala ulianza kuogopa wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1969 askari walipiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walivikwa nguo za jeshi kwa nguvu, na vyuo vyote vikaunganishwa kuwa chuo kimoja chini ya mkono wa serikali. Katika kugawa masomo, masomo ya uchumi yalikusanywa Kinshasa. Fikirini jambo hilo. Lubumbashi, mji wa shaba, mji unaolipa inchi, ulinyang'anywa masomo ya uchumi! Yalirudi baada ya miaka mingi. Halafu usiku wa 11 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa ndani ya vyumba vyao, na mpaka leo watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake, profesa akabaki na mshahara usiotosha nauli.

Mtu anayetaka kuiba ghalani anazima taa kwanza.

«WENYE DIPLOMA NDIO WALIOKULA»

Hapa wengi wenu mtatusimamisha. Mtasema: karani, usitudanganye. Inchi hii haikuliwa na wajinga. Ililiwa na wenye diploma. Mwezi wa Septemba 1960, si wanafunzi na wenye masomo waliowekwa na Mobutu kuwa Commissaires généraux? Na baadaye, si madaktari wa uchumi walioandika bajeti zile? Elimu ilitusaidia nini?

Swali hilo ni zito, na hatutaki kulikimbia. Ni kweli: masomo hayaponyi tamaa. Mtu mwenye tamaa ukimfundisha hesabu, ataiba kwa hesabu. Lakini tazameni vizuri kosa liko wapi. Wale wachache walijua, na wengi hawakujua. Mwenye kujua alipoandika uongo, hakuna aliyeweza kumwambia: bwana, mstari wa tatu haukubaliani na mstari wa saba. Katika biro ya mgodi makarani wawili wanaandika tani zile zile, mmoja kwa mlango wa shimo, mwingine kwa mlango wa kiwanda. Si kwa sababu mmoja ni mtakatifu na mwingine ni mwizi. Ni kwa sababu kitabu kimoja kinachunga kitabu kingine. Chuo kikuu sharti kiwe kitabu cha pili cha inchi. Serikali inaandika chake, sosiete inaandika chake, na chuo kinaandika chake, mbele ya macho ya watu wote.

Kwa hiyo dawa ya mwenye diploma mwizi si kuchoma diploma. Dawa ni kuwa na wengi wenye kujua, na hesabu kuwekwa wazi.

HESABU YA LEO

Msifikiri tunasimulia mambo ya wazee tu. Hesabu bado inaandikwa.

Mwaka 2002 inchi ilipata sheria ya madini. Sosiete ilitakiwa kulipa juu ya shaba 2 kwa 100 ya thamani ya mauzo, baada ya kuondoa gharama kama uchukuzi, bima na upimaji. Sheria mpya ya 9 Machi 2018 ilisema 3.5 kwa 100, na juu ya thamani ghafi, bila kuondoa gharama hizo. Wengi walitazama namba tu, 2 na 3.5. Karani anatazama neno. Neno «baada ya kuondoa» lilikuwa na shimo ndani yake, kwa maana anayeandika gharama ni sosiete mwenyewe.

Tufanye hesabu pamoja. Shaba ya dola 1,000,000 inauzwa. Kwa sheria ya zamani, malipo hayakuzidi dola 20,000, tena yalipungua kila gharama ilipoandikwa. Kwa sheria ya 2018 ni dola 35,000. Sheria inagawa feza hiyo hivi: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi katika dola 1,000,000 ya shaba, mahali penu pana haki ya dola 5,250. Kwa kobalti, iliyoitwa madini ya maana sana mwaka 2018, malipo ni 10 kwa 100. Wangapi kati yenu wanajua namba hizi? Na asiyejua haki yake atamdai nani?

Tazameni tena mkataba wa Sicomines, uliofanywa na sosiete za China mwaka 2008: madini kwa barabara. Kwanza ulisemwa wa miliari 9 za dola. Mwaka 2009 ulipunguzwa mpaka miliari 6, kwa sababu FMI iliogopa kwamba Kongo itachukua deni jipya wakati deni la zamani linaombewa msamaha. Ona basi: FMI walihesabu, Wachina walihesabu. Februari 2023 wakaguzi wetu wenyewe wa feza, IGF, walitoa ripoti kwamba kazi za barabara na majengo zilizolipwa zilikuwa za dola milioni 822 tu. Kelele ikawa kubwa. Mwaka 2024 mkataba uliandikwa upya, na feza ya barabara ikapandishwa kutoka miliari 3 mpaka miliari 7, ingawa malipo yamefungwa kwa bei ya shaba. Sheria ya Mungu haikubadilika, shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Mkongo alihesabu, na akasema kwa sauti. Lakini ilichukua miaka 15. Chuo chenye wataalamu na chenye makaratasi ya mkataba mikononi kingeweza kupiga ngoma hiyo mapema.

Na kobalti? Kongo inatoa karibu 70 kwa 100 ya kobalti yote ya dunia. Mwezi wa Februari 2025 bei ilikuwa imelala chini kabisa, serikali ikasimamisha mauzo ya inje. Tangu Oktoba 2025 iliweka kipimo kwa kila sosiete. Bei ikapanda. Wengine walisema: tumeshinda. Sisi tunasema: tukumbuke CIPEC, lakini tuikumbuke kwa akili. Kobalti si kama shaba. Katika shaba tulikuwa sehemu ya soko, katika kobalti sisi ni karibu soko lenyewe. Nguvu hiyo ni ya kweli. Lakini Indonesia nayo inatoa kobalti pamoja na nikeli yake, na viwanda vinatengeneza betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo. Bei ikizidi, mnunuzi atahama. Bei ikipungua, tunauza ardhi yetu bure. Kipimo sawa ni kipi? Tani ngapi, kwa miezi mingapi, na mchimbaji wa mkono atakula nini wakati wa kungoja? Hilo ndilo somo la uchumi wa mataifa, na shimo lake liko hapa Kolwezi, si mbali. Je, tungoje mpaka mwalimu wa Ulaya au wa China aje kutueleza?

TUNATAKA NINI

Hatuombi vyuo vizuri kwa ajili ya sifa. Tunaomba mambo matano.

Kwanza: kila mkataba wa madini, pamoja na nyongeza zake, uwekwe katika maktaba ya chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Kinshasa, na mwanafunzi aweze kuusoma bila barua ya mkubwa. Mwalimu wa uchumi asiyeona mkataba ni kama fundi asiyeona mashine.

Pili: sehemu ya malipo ya madini iende kwa utafiti, kwa jina na kwa namba, katika bajeti. Utafiti usiolipwa na sisi utalipwa na mwingine, na anayelipa ngoma ndiye anayechagua wimbo.

Tatu: mtafiti mwenye kulipwa na sosiete aseme wazi amelipwa na nani. Hatusemi ni mwongo. Tunasema tujue.

Nne: kila ujumbe wa serikali unaokwenda kubishana juu ya deni, bei au mkataba uchukue walimu wa vyuo vyetu, waliojitayarisha miezi, si siku. Tusitume tena vijana peke yao kwa meza ya mali na wazee kwa meza ya viti.

Tano, na hili ni kubwa: matokeo yasomwe kwa lugha yetu. Kazi nzuri imefanywa pale Lubumbashi. Observatoire du Changement Urbain ya chuo kikuu iliingia katika nyumba za mji na kuchunguza nani anatumika na nani anakula. Watu walijibu maswali kwa Kiswahili. Vitabu vikatoka kwa Kifaransa. Mama aliyetoa jibu hawezi kusoma jibu lake. Profesa, utuheshimu kidogo: andika kitabu chako kwa wenzako, lakini uje Jumapili katika ukumbi wa mtaa, utueleze kwa Kiswahili. Utaona maswali tutakayokuuliza. Wachimbaji wanajua mambo ya mizani ambayo hayako katika vitabu.

Na sisi tuna kazi yetu. Ninyi wazazi, msimkataze mtoto anayependa hesabu eti atakufa maskini. Ninyi vijana wa masomo, msitafute diploma kwa kupata kiti tu katika biro yenye baridi. Ninyi wa sendika, kabla ya kubishana juu ya mshahara, mtafuteni kijana wa uchumi awasomee kitabu cha mwaka cha sosiete, mstari kwa mstari, halafu mwingie mkutanoni. Mkubwa wa sosiete anaizoea kelele. Swali linalotoka katika kitabu chake mwenyewe ndilo analoliogopa.

Tulipewa bendera mwaka 1960, na mgodi mwaka 1967. Kila mara kalamu ilibaki mkononi mwa mwingine. Kalamu haipewi kwa sherehe. Inapatikana darasani, polepole, kwa mafuta ya taa na kwa vitabu, na kwa serikali isiyoogopa kuhesabiwa.

Wenye kutumika wa Katanga, wananchi wa Kongo yote: dai mshahara, ni haki. Dai maji, ni haki. Lakini mdai pia hesabu, na wadai watu wa kuisoma.